Kiboko wa Nyuma ya Jiko

Kwa miaka saba mama yangu alikuwa akinitembelea na chakula chake mwenyewe. Hotipoti moja kubwa nyekundu, imefungwa kwa khanga ili kifuniko kisifyatuke njiani. Atashuka kwenye bodaboda, atasalimia wote, ataulizia mifugo na mvua na hali za majirani asiowajua hata sura, lakini saa ya kula ikifika atajivuta pembeni na hotipoti yake na kusema kwamba tumbo lake siku hizi halitaki vitu vigeni. Tumbo! Tumbo la mwanamke aliyeonja mchuzi wa kila shughuli iliyopikwa kati ya Gongoni na Ng'ambo, leo lishindwe na maharage ya binti yake wa kumzaa!

Mama ni mpishi wa shughuli. Pale Tabora mjini, harusi ambayo pilau yake hakuipika yeye huwa anaizungumzia kama ajali. Ana masufuria ambayo mimi naweza kuoga ndani yake hata leo. Na ana sikio. Anainama karibu na sufuria iliyofunikwa, anafumba macho, anasikiliza, halafu anatoa amri: punguza kuni, ongeza makaa juu, hapo hapo usiguse. Sijawahi kumwona akikosea, na Mungu anisamehe, nimewahi kuomba akosee hata mara moja tu.

Kisa cha hotipoti kilikuwa mavi ya ng'ombe. Naomba radhi kulitaja neno hilo mapema hivi, lakini humu litatajwa sana, kwa hiyo bora tuzoeane nalo.

Mimi niliolewa kijijini, kati ya Nzega na Igunga, kwa mwanamume aliyekuja Tabora kujifunza useremala akaondoka na mbao chache na mimi. Ni mtu wa ng'ombe na pamba. Alisilimu, akanioa kwa heshima zote, na mama hakuwa na la kusema isipokuwa kwamba nakwenda porini. Kwa mama, kila kitu nje ya Tabora ni pori. Babu wa babu yake alikuja na misafara ile ya zamani, akafika Tabora, akakaa chini, na tangu siku hiyo ukoo wetu haujaona sababu ya kuendelea mbele. Mimi ndiye wa kwanza kuinuka, na tazama nilikoelekea.

Huku kwetu miti ni ya kuhesabu kwa vidole. Baada ya mavuno tunapikia mabua ya pamba, na mabua yakiisha tunapikia samadi iliyokaushwa juani, vipande bapa vinavyowaka taratibu na kutoa moshi unaoweza kumtoa nyoka shimoni. Wiki aliyokuja mama mara ya kwanza, mabua yalikuwa yameisha. Nilikuwa nasonga ugali. Nikachukua kipande cha samadi kwa mkono huu huu, nikakivunja, nikakisukuma chini ya sufuria, nikajipangusa kwenye khanga, nikaendelea kusonga. Sikuona ajabu yoyote, maana nilikuwa nimeshazoea. Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Na mama yangu asiposema, ujue amesema yote. Siku hiyo akala ndizi mbili za safarini, na safari iliyofuata hotipoti ikazaliwa.

Mimi nina hasira za karibu, nazo nimezirithi kwa huyo huyo mama, kwa hiyo tungeweza kugombana tukayamaliza. Lakini aliyeumia zaidi hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe wangu, ambaye sote hapa tunamwita mayu, yaani mama. Mayu ni Mkatoliki wa kanisa la Jumapili, mwembamba, mpole, mwenye maneno machache, na kwa watu wake mgeni anayekuja na chakula chake amekutangazia mbele ya majirani kwamba nyumba yako haina kitu. Kila mama alipokuja, mayu alimkamatisha mume wangu jogoo wa kuchinja, na kila mara jogoo akaliwa na sisi wenyewe huku mgeni akitafuna sambusa za Tabora. Mayu hakulalamika. Aliwahi kusema mara moja tu, akiwa anachambua dengu, "Mkwe wangu ana tumbo gumu kweli." Akaendelea kuchambua. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo Kiboko alipotujia.

Bwana mifugo alikuja kijijini na mradi wa gesi ya samadi, akatukusanya shuleni, akatuambia kwamba mavi yale yale tunayoyakausha na kuyachoma yana gesi ndani yake, na gesi hiyo ikinaswa itapika bila moshi. Wanaume wakacheka. Mmoja akauliza kama na yeye mwenyewe akinaswa ataweza kupika. Mimi sikucheka. Nilikuwa na macho mekundu ya miaka saba, na kama mtu angeniambia kwamba gesi inapatikana mwezini ningemuuliza nauli. Nikainua mkono, nikaandikisha jina, ndipo nikaenda nyumbani kumwambia mume wangu kwamba atachimba handaki.

Akachimba nyuma ya jiko. Wakaleta mfuko mkubwa mweusi wa plastiki nzito, mrefu kama mtumbwi, wakaulaza humo. Upande mmoja una mdomo wa kulishia, upande wa pili tundu la kutolea tope lililokwisha kazi. Juu yake unatoka mpira wa kupitisha gesi, unafuata ukuta hadi jikoni kwenye jiko la mafiga mawili. Njiani mpira huo umeungwa na chupa ya maji, ambayo ndiyo mlinzi: gesi ikizidi nguvu inatokea pale, na maji yanabwabwaja kukuarifu kwamba unapoteza mali. Kila asubuhi na kila jioni unachanganya ndoo ya samadi mbichi na ndoo ya maji, unakoroga, unaondoa majani na mawe, unamlisha. Mwanzoni alikuwa amelala bapa kama gunia tupu. Nililisha, nikasubiri. Nililisha, nikasubiri. Majirani walipita wakiniuliza mgonjwa anaendeleaje. Halafu asubuhi moja nikamkuta amevimba, mgongo mweusi unang'aa kwa umande, na hapo hapo akapata jina lake.

Siku ya kuwasha nilikuwa na njiti ya kiberiti mkononi na bismillah mdomoni. Nikafungua koki. Pu! Mwali wa bluu, mdogo, duara, umetulia. Hauna moshi. Hauna cheche. Nilipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Nikachemsha maji. Yalipochemka nikagundua kwamba hakuna anayeyahitaji, nikayamwaga, nikachemsha mengine. Siku hiyo nilipika chai mara nyingi kuliko watu waliokuwepo wa kuinywa, hadi mume wangu akaniomba kwa adabu kabisa nipumzike kidogo kwa sababu haja ndogo ilikuwa inamsumbua. Mayu alikuja, akainua sufuria, akapitisha kiganja chini yake. Kiganja kikatoka cheupe. Akakipitisha tena. Halafu mwanamke huyu ambaye hata harusini huchezesha mabega tu, akaanza kucheza mbele ya jiko, peke yake, bila ngoma.

Sijui nieleze vipi furaha ya miezi ile bila kuonekana chizi. Nilipaka chokaa ukuta wa jiko na ukabaki mweupe. Nikaanza kupaka wanja tena, kitu nilichokiacha tangu nilipoolewa, maana wanja na moshi wa samadi kwa weusi ni ndugu, lakini machoni ni maadui. Tope la Kiboko likaenda kwenye mchicha, mchicha ukaota majani mapana kama kandambili. Jirani akija na birika lake, karibu. Mwenye uji wa mtoto, karibu. Nilimpigia simu kila mtu niliyemjua kumwelezea habari za jiko langu, na wawili kati yao waliacha kupokea simu zangu.

Aliyebaki alikuwa mama.

"Mama, siku hizi napikia gesi."

"Gesi? Huko porini?"

"Gesi, Mama. Mwali wa bluu. Jiko limepakwa chokaa."

Nikasikia anatafuna kitu. "Na yale mambo?"

"Yale mambo sichomi tena. Wallahi."

Sikusema uongo. Sikuyachoma. Kama mtu haulizi gesi inatoka wapi, mimi ni nani hata nimjazie maswali? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiamini kabisa, maana nilikuwa nimelewa furaha na mlevi hujiamini. Mama akasema atakuja, nimfuate, kwa kuwa goti linamsumbua. Moyo wangu ulikuwa umeshaandaa sinia.

Nilikwenda Tabora nikakaa siku nne, kwa sababu alikuwa na walima wa harusi wa kumalizia kupika. Kabla ya kuondoka nilimwachia mayu maagizo ya Kiboko, asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, na mayu akaitikia kila neno. Siku ya safari nikaenda kumbebea mama mizigo yake, na juu ya mizigo, imefungwa vizuri kwa khanga mpya, nikaikuta hotipoti.

"Ya nini hiyo?"

"Akiba tu."

"Akiba ya nini, Mama? Tunakwenda vitani?"

"Mtu mzima hasafiri mikono mitupu."

Nilinuna kutoka stendi ya Tabora hadi Nzega. Mama alisinzia vizuri tu, mkono juu ya kifuniko.

Tulipofika nyumbani, hasira zikayeyuka papo hapo. Uwanja ulikuwa umefagiwa kwa mistari. Mapazia yalikuwa yamefuliwa na kuning'inizwa yangali na mikunjo. Na zizi, jamani! Zizi lilikuwa safi kuliko sebule za watu. Hakuna inzi. Hakuna harufu. Hakuna hata ng'ombe mmoja. Mchanga umemwagwa juu. Mayu alisimama katikati ya usafi huo akiwa amevaa gauni lake la Pasaka, akapiga magoti kidogo kumpokea mgeni na kumwamkia kwa Kisukuma.

"Karibu, mkwe wangu. Mwadila."

"Starehe, mkwe. Mmependeza hapa," alisema mama, na alimaanisha, nilimwona akivuta pumzi kwa tahadhari, kisha akavuta nyingine bila tahadhari.

Mimi nilimkumbatia mayu nusura nimwangushe. Nilimsifu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma changu cha kuvunjika. Nilizunguka zizi lile tupu nikiona fahari. Ninaandika haya nikijicheka, kwa sababu mwenye Kiboko aliyekuwa na akili timamu angeliangalia zizi lile mara moja tu akashika kichwa.

Mama akaingia jikoni. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Akainama kuangalia chini ya sufuria zangu. Akawasha jiko mwenyewe, akazima, akawasha tena, na kwenye pembe ya mdomo wake nikaona kitu ambacho kwa mama mwingine kingeitwa tabasamu.

"Mtungi uko wapi?"

"Uko nje," nikasema, nikajishughulisha na vitunguu.

Jogoo alikuwa ameshachinjwa na mume wangu alfajiri, kabla hajarudi mbugani kwa ng'ombe. Nikakaanga vitunguu hadi vikawa rangi niliyofundishwa, nikaweka bizari, nyama, viazi, nikatia mchele. Mama alikaa kwenye kigoda akitazama kila mkono wangu unapokwenda. Hakunisahihisha isipokuwa jambo moja.

"Na makaa ya juu? Pilau usipoipalia makaa juu ya kifuniko itaivaje?"

"Napunguza mwali mpaka mwisho, Mama. Naweka bati chini ya sufuria na kitambaa kibichi juu ya kifuniko."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kwenda mahakamani.

Maji yalikuwa yamekauka usawa wa mchele nilipofunika. Zilikuwa zimebaki dakika za mwisho, zile ambazo wali huamua utakuwa nani. Mayu alikuwa nje anatandika mkeka. Mimi nilianza hata kuimba. Ghafla mama akainua mkono ninyamaze, akainamisha sikio.

"Limenyamaza," akasema.

Nikachungulia. Ule mwali wangu wa bluu ulikuwa umekuwa ndimi mbili tatu za manjano zinazotetemeka.

"Gesi inakwisha. Mtungi unataka kutikiswa," mama akasema, na kabla sijameza mate alikuwa ameshainuka, na goti lake hilo bovu. Kila mwenye mtungi anajua: gesi ikikaribia kwisha unautikisa, unaulaza, unaubembeleza upike hiki cha mwisho. Mama akatoka nje, akaushika mpira mahali unapotokea ukutani, akaufuata kwa mkono. Nilimfuata na mwiko. Nilisema "Mama, ngoja," nikasema "Mama, kuna jua," nikasema nadhani hata "Mama, kuna nyoka." Akaipita chupa ya maji. Akakata kona ya jiko. Mpira ukamfikisha ukingoni mwa handaki, na humo handakini alikuwa amelala Kiboko, amesinyaa, ngozi imejikunja, na mdomoni mwake wa kulishia kuna mabaki ya chakula chake ambayo hayakuhitaji maelezo.

Mama akamtazama. Akanitazama. Akamtazama tena.

"Huu ndio mtungi?"

Sikuwa na pa kwenda. "Ndiyo, Mama. Gesi ni ya samadi. Inaoza humo ndani, inatoa gesi. Lakini sichomi, niliapa kweli."

Nilisubiri kelele, na ningeshukuru kupata kelele. Akanyamaza, ule unyamavu wa mlangoni miaka saba iliyopita. Niliona kila kitu changu kikirudi pale pale: hotipoti, jogoo, mayu na dengu zake. Nikahisi machozi, na machozi yangu huja na hasira, kwa hiyo nilimgeukia mayu ambaye alikuwa amekuja kuangalia tumepotelea wapi.

"Mayu, hamkumlisha?"

Mayu akashika mdomo. Halafu akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, na hakuwa akisema na mimi, alikuwa akisema na mama.

"Mkwe wangu, nilijua harufu ya zizi ndiyo inayokufunga tumbo. Nikamwambia kijana wangu apeleke ng'ombe wote mbugani tangu juzi, wasikusumbue. Nikasomba mavi yote nikayatupa shambani, mbali kabisa. Nikachemsha maji kwa hiyo gesi, nikafua mapazia. Nilisahau kwamba huyu anakula hayo hayo." Akaangalia chini. "Nilitaka ule kwetu."

Mikono ya mayu ilikuwa imechubuka viganja kwa koleo. Mimi nilikuwa nimefika, nimezunguka, nimesifu, na sikuwa nimeiona. Mama aliiona. Aliitazama kama anavyotazama mikono ya mpishi mwenzake. Upepo ukapita, mapazia yakapepea dirishani, na nikafikiri sasa atasema jambo la maana.

Akasema, "Wali umefika wapi?"

"Eh?"

"Wee mtoto, wali! Maji yalikauka muda gani?"

"Sasa hivi tu, kabla hujatoka."

"Moto ukizimika sasa, wali utabaki na kiini. Mbichi katikati. Mimi sijawahi kuacha wali na kiini tangu nishike mwiko, na sitaanzia hapa." Alikuwa ameshafunga khanga kiunoni. "Huyu mnyama wenu hana njia ya kubembelezwa? Mtungi tunautikisa. Huyu je?"

"Anakandamizwa," nikasema. "Gesi kidogo imebaki ndani, ila haina nguvu ya kufika jikoni. Huwa tunaweka gunia la mpunga juu."

"Gunia liko wapi?"

"Lilipelekwa mashineni."

Mama akajiangalia. Mama yangu ni mwanamke mnene, na hajawahi kuomba radhi kwa jambo hilo. "Mkwe," akamwambia mayu, "lete mkeka."

Sitasahau hadi nazikwa. Mkeka mpya wa wageni ukatandikwa juu ya Kiboko, na mpishi mkuu wa shughuli za Tabora mjini, ambaye mabibi harusi humbusu mkono, akashuka handakini kwa bega langu, akageuka, akajishusha. Kiboko akaguna. Chupa ya maji ikalipuka kwa kubwabwaja.

"Inuka kidogo, Mama! Gesi yote inapotea kwenye chupa!"

"Niinuke kiasi gani?"

"Nusu!"

"Mtu anakaaje nusu?"

"Kama uko kwenye kigoda cha watu!"

Akakaa nusu. Chupa ikatulia. Nikakimbia jikoni: mwali ulikuwa umesimama, bluu, imara. Nikapiga kelele "Umewaka!" Lakini uzito ulikuwa upande mmoja, gesi ikakimbilia mwisho wa pili na mwali ukaanza kunywea. Nikatoka tena. Mayu hakungoja kuambiwa. Akavua viatu vya Pasaka, akakusanya gauni, akaenda kukaa mwisho ule mwingine, mwembamba kama alivyo, na Kiboko akajisawazisha katikati yao. Mama akimwegemea Kiboko, mayu anapanda. Mayu akijisogeza, mama anashuka. Wakaanza kucheka. Kwanza kwa pua, kwa adabu ya wakwe, halafu mama akapoteza adabu kabisa, akacheka ile sauti yake ya jikoni nisiyoisikia tangu usichana wangu, na kila alipocheka mwali kule ndani uliruka.

"Usicheke, Mama! Unaunguza!"

"Mwambie mkwe wangu asinichekeshe!"

Nikawa nakimbia kati ya jiko na handaki, nikipokea amri. Funua kidogo, sikiliza, unasema nini? Unasema kama mvua ya mbali, Mama. Bado, ufunike. Na sasa? Nikiwa njiani nilizisikia sauti zao zikiteremka, mazungumzo ya kawaida, mama akieleza bei ya mchele wa mjini, mayu akieleza huyu mnyama analishwaje, na mama akiuliza kwa makini, mbichi au mkavu, maji kiasi gani. Nikasikia mama akijijadili mwenyewe kwa sauti kuhusu najisi. "Hapa yamefungwa, mimi nimekaa juu. Sufuria iko kule. Hakuna moshi, hakuna jivu. Najisi itapita wapi? Kwenye mpira? Kwenye mpira imepita pumzi tu." Mayu, Mkatoliki wa watu, akaitikia "Ndiyo, ndiyo," kama mtu aliyeombwa fatwa.

Hatimaye mama akainua mkono tena. Sikio likaelekea dirisha la jiko. "Zima," akasema.

Nikazima.

Kupika ni jambo moja, kula ni jingine. Hilo nililijua vizuri, na nadhani mayu pia alilijua, maana kicheko chake kilipungua tulipomwinua mama kutoka handakini. Mpishi hawezi kuacha wali uharibike, hata wa adui. Na nimemwona mama akipika harusi nzima asitie punje kinywani, akaja kula kipande cha muhogo nyumbani. Akaomba maji. Akaoga muda mrefu, akabadilisha nguo zote, akatawadha, akaingia chumbani kusali adhuhuri. Mimi nikapakua. Pilau ilisimama punje kwa punje. Nikaweka sinia katikati ya mkeka mwingine, na mayu akakaa upande wake, mikono mapajani. Hotipoti ilikuwa juu ya kabati, na hakuna aliyeitaja.

Tulisubiri. Mama alisali sala zake, akaongeza za sunna, na mimi nikamwambia Mungu kwamba naheshimu sunna lakini chakula kinapoa. Mayu alipunga inzi ambaye hakuwepo.

Mama akatoka. Akasimama akalitazama sinia lote, kisha akashuka taratibu, goti zuri kwanza, akakaa kati yetu. Akanawa. Akasema bismillah. Akakusanya tonge upande wake, akalifinyanga kwa vidole vitatu, akalitia kinywani, akafumba macho kama anavyowafumbia wapishi wa watu wengine. Alitafuna kwa muda ambao sijui kuupima.

"Chumvi imepungua," akasema.

Nikaangua kilio. Mbele ya wakwe, mtu mzima mimi, wanja ukanitiririka hadi kidevuni, na huku nalia nacheka, na mayu naye akaanza kujifuta macho kwa pindo la gauni la Pasaka bila kujua hasa kwa nini.

"Unalia nini?" mama akaniuliza kwa ukali. "Ni chumvi tu. Nenda kalete."

Nikaenda jikoni. Nilisimama pale mbele ya ukuta wangu mweupe nikiwa nimeshika kopo la chumvi hadi kwikwi zikaniisha. Niliporudi, upande wa mama wa sinia ulikuwa umekwisha hadi chini, na yeye alikuwa ameanza kuingia upande wa mkwe wake.